Carnegie, Warhol, Mattress Factory au Frick? Ulinganisho wa Makumbusho ya Sanaa ya Pittsburgh

Pittsburgh, mji wa watu wapatao 300,000 magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, una makumbusho ya sanaa mengi kuliko ukubwa wake, na sababu yake ni fedha za feleji. Mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vilivyojipanga kando ya mito Allegheny, Monongahela na Ohio viliwatajirisha watu wachache kupita kiasi. Wawili kati yao, Andrew Carnegie na Henry Clay Frick, ambao walikuwa washirika kabla ya kuwa mahasimu, waliacha majengo na mikusanyiko ya sanaa yenye majina yao. Vizazi vilivyofuata viliongeza vyao: jumba la msanii mmoja aliyezaliwa mjini humo, ghala la magodoro lililogeuzwa kuwa mahali pa majaribio ya sanaa, na kituo cha utamaduni wa Wamarekani weusi. Mwenye siku moja au mbili hawezi kuyamaliza yote, na hata wakazi wapya, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi waliohamia mji huo, hushindwa kujua waanzie wapi.

Wengi hufuata jina kubwa, yaani huanza kwa jumba la Andy Warhol, msanii huyo mzaliwa wa mji. Kigezo ninachokitumia hapa ni kingine: ndani ya jumba hili kuna nini ambacho hakionekani mahali pengine? Picha nzuri za Ulaya zipo New York, Washington na Chicago, na mtu atakayepita miji hiyo hana haja ya kuzifuata Pittsburgh. Kigezo hiki kinawapandisha baadhi ya wanaosahaulika na kuwashusha wachache wanaosifiwa.

Makumbusho ya Carnegie yako Oakland, mtaa wa vyuo vikuu, na yalianzishwa mwaka 1895. Faida yake ya kwanza ni kwamba jumba la sanaa na jumba la historia ya viumbe yamo katika jengo moja, na tikiti moja inafungua yote mawili. Kwa familia yenye mtu anayependa michoro na mtoto asiyeivumilia, hakuna chaguo lingine mjini linaloshindana na hili. Upande wa viumbe una mifupa ya Diplodocus carnegii, dinosaria aliyefukuliwa Wyoming mwaka 1899 kwa gharama za Carnegie na kupewa jina lake. Mfalme wa Uingereza alipotamani mnyama huyo, Carnegie aliagiza nakala ya plasta, nayo ikazinduliwa London mwaka 1905. Nakala nyingine zikafuata katika miji mikuu kadhaa ya Ulaya. Ile ya Berlin imesimama katika ukumbi mmoja na dinosaria mkubwa aliyetolewa Tendaguru, karibu na Lindi, wakati wa ukoloni wa Wajerumani. Kwa hiyo Mtanzania aliyewahi kusoma habari za mifupa ya Tendaguru atamkuta Pittsburgh mnyama ambaye nakala yake ni jirani wa miaka mingi wa mifupa hiyo, na huyu wa Pittsburgh ndiye mwenye mifupa halisi. Karibu naye yupo pia Tyrannosaurus rex ambaye mifupa yake ndiyo iliyotumika kuielezea spishi hiyo kwa mara ya kwanza. Carnegie walimnunua kutoka New York mwaka 1941.

Upande wa sanaa, wageni wengi hukimbilia vyumba vya Scaife, vilivyofunguliwa mwaka 1974, kutazama mayungiyungi ya Monet na mashamba ya ngano ambayo van Gogh aliyachora mwaka 1890, mwaka aliofariki. Ni kazi nzuri, lakini Monet na van Gogh wametapakaa duniani. Kisichopatikana kwa urahisi kwingine ni Ukumbi wa Usanifu Majengo, uliofunguliwa mwaka 1907. Carnegie alitaka wafanyakazi wa Pittsburgh, ambao wasingeweza kumudu nauli ya kwenda Ulaya, waone majengo mashuhuri kwa ukubwa wake wa kweli, ndipo zikaagizwa nakala za plasta zilizomiminwa kutoka kwenye majengo yenyewe. Uso mzima wa kanisa la Saint-Gilles la kusini mwa Ufaransa, pamoja na milango yake mitatu na mamia ya sanamu ndogo, umejaza ukuta mmoja kutoka pembe hadi pembe. Zamani miji mingi ilikuwa na mikusanyiko ya namna hii. Baadaye wasomi wa sanaa wakaanza kudharau nakala, na nyingi zikavunjwa au kutupwa. Mkusanyiko wa Pittsburgh umebaki miongoni mwa michache mikubwa duniani, pamoja na ile ya London na Paris. Ajabu ni kwamba baadhi ya nakala hizi sasa zinaonyesha maelezo ambayo kwenye jiwe la asili yamekwisha kuliwa na mvua na moshi.

Jambo la pili la Carnegie lisilopatikana kwingine ni hifadhi ya picha za Charles Harris, aliyejulikana kwa jina la Teenie, mpiga picha mweusi wa gazeti la Pittsburgh Courier. Kwa takriban miaka 40 alizunguka na kamera yake katika mtaa wa Hill District na jirani zake, akipiga harusi, mechi za besiboli, wanasiasa, wanamuziki wa jazi, watoto barabarani na mafundi kazini. Jumba liliinunua hifadhi hiyo mwaka 2001, nayo ina picha zipatazo 80,000. Ni kumbukumbu ya jamii nzima iliyopigwa na mtu wa ndani ya jamii hiyo, na sehemu kubwa ya mtaa wenyewe ilibomolewa katika miaka ya 1950 kupisha mipango ya mji. Mgeni asipite chumba cha Harris kwa haraka.

Upungufu wa Carnegie ni ukubwa wake. Pande zote mbili zinachosha miguu, alama za njia si nzuri sana, na ni rahisi kutoka dinosaria ukajikuta katikati ya viti vya karne ya 18 bila kujua umepitia wapi. Anayekwenda kwa ajili ya sanaa aanze na sanaa akili ikiwa bado mbichi, kisha amalizie na mifupa, ambayo haihitaji kutafakari sana. Aangalie pia kama Carnegie International inaendelea. Maonyesho haya ya sanaa ya kisasa kutoka nchi mbalimbali yalianza mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya yale ya Venice, na hurudi kila baada ya miaka michache. Toleo la 58 lilifunguliwa mwaka 2022. Yanapokuwapo, jumba hujaa kazi mpya, na baadhi ya kazi za kudumu huweza kuwekwa pembeni.

Jumba la Andy Warhol, lililofunguliwa mwaka 1994, liko upande wa pili wa mto Allegheny ukitokea katikati ya mji, na daraja la kulifikia limepewa jina la msanii huyo. Warhol alizaliwa Pittsburgh mwaka 1928 katika familia ya wahamiaji kutoka kijiji ambacho leo kiko Slovakia. Alipokuwa mtoto alihudhuria madarasa ya sanaa ya Jumamosi katika makumbusho hayohayo ya Carnegie, akamaliza chuo mjini humo mwaka 1949, kisha akaenda New York na hakurudi kuishi tena. Jumba lina ghorofa saba, nalo ndilo kubwa kuliko yote Amerika Kaskazini yaliyotengwa kwa msanii mmoja. Utaratibu wake unaeleweka mara moja: unapanda lifti hadi juu kabisa, kwenye maisha ya utotoni na kazi za mwanzo, kisha unashuka ghorofa baada ya ghorofa pamoja na miaka.

Je, linatimiza kigezo chetu? Kwa nusu. Picha zake mashuhuri za makopo ya supu na sura za waigizaji, zilizochapwa kwa skrini ya hariri, zipo katika makumbusho ya miji mingi, na kwa kuwa Warhol mwenyewe alizifanya ziwe za kurudiwarudiwa, kuziona hapa badala ya kwingine hakuongezi mengi. Kilicho cha hapa tu ni mabaki ya maisha yake. Kwa miaka mingi Warhol alikuwa akitia katika maboksi kila kilichopita mezani kwake, barua, risiti, magazeti, picha, mialiko, kisha akayafunga na kuyapeleka stoo. Maboksi hayo ni 610, na yamehifadhiwa Pittsburgh; wageni huonyeshwa sehemu ndogo tu ya yaliyomo. Zipo pia filamu zake fupi za sura za watu, ambao kila mmoja alikaa mbele ya kamera dakika chache. Mtu akivuta kiti na kuzitazama kwa utulivu ataelewa jambo ambalo supu haikumfunulia, yaani kwamba Warhol alikuwa mtazamaji mvumilivu kuliko anavyodhaniwa. Watoto hufurahia chumba cha mito ya rangi ya fedha iliyojazwa gesi, inayoelea na kugongana taratibu, na chini ya jengo kuna karakana ambamo mgeni anaweza kujaribu uchapaji mwenyewe.

Hata hivyo, ikiwa Warhol hakuvutii, ghorofa saba za mtu mmoja ni nyingi. Hakuna kona ya kukimbilia, wala msanii mwingine wa kutosha wa kukupumzisha. Wazazi wajue pia kwamba baadhi ya kazi na filamu zinagusa ngono waziwazi, hivyo ni vyema kuuliza mapokezi kabla ya kupanda na watoto.

Mattress Factory ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, ingawa najua kwamba wageni wengine hutoka humo wakinung'unika kwamba wamelipa kuingia katika vyumba vitupu. Liko upande huohuo wa mto na Warhol, kiasi cha mwendo wa nusu saa kwa miguu kupitia bustani ya Allegheny Commons, katikati ya mitaa ya nyumba za matofali za karne ya 19. Lilianzishwa mwaka 1977 na msanii Barbara Luderowski katika ghala lililokuwa la kampuni ya magodoro, na jina likabaki. Hapa huoni fremu ukutani. Msanii hualikwa mjini, hupewa chumba au hata ghorofa nzima, akajenga humo kazi ambayo mtu huiingia kwa mwili wake wote. Nyingi hubomolewa muda wake unapokwisha. Chache zimebaki kwa kudumu, na hizo chache ndizo hoja yangu kubwa.

Msanii wa Kijapani Yayoi Kusama ana vyumba viwili vya vioo hapa tangu mwaka 1996. Katika miji mingine watu hupanga foleni ndefu kuingia vyumba vyake na huruhusiwa muda mfupi sana. Hapa, siku ya kawaida isiyo ya mapumziko, mtu anaweza kusimama katikati ya madoa yasiyo na mwisho bila kusukumwa. Hiyo peke yake ingetosha. Lakini kazi za James Turrell, msanii anayetumia mwanga na giza, zinakwenda mbali zaidi. Ile iitwayo Pleiades, ya mwaka 1983, inaanza kwa njia nyembamba yenye giza, ambayo mgeni huipanda akipapasa ukuta, hadi kwenye kiti. Anakaa. Mwanzoni haoni chochote, na wasiojua huinuka baada ya dakika mbili wakidhani taa zimeharibika. Jicho la binadamu lina chembe za aina mbili, zile za mchana zinazotambua rangi na zile za gizani zinazohisi mwanga hafifu, na hizi za pili huchukua dakika nyingi, hata nusu saa, kufikia uwezo wake wote. Kazi ya Turrell imetengenezwa kwa ajili ya dakika hizo. Polepole kitu fulani hujitokeza mbele, kama si mwanga basi wazo la mwanga, na mtazamaji hawezi kuapa kama kipo mbele yake au kimo ndani ya macho yake. Hakuna picha ya simu inayoweza kuinasa kazi hii, na hakuna lori linaloweza kuihamishia Chicago kwa maonyesho ya miezi mitatu.

Kwa hiyo anayeichagua Mattress Factory akubali masharti yake. Asiende na haraka. Asiende na mtu anayeogopa giza au vyumba vilivyofungwa, wala na watoto wadogo wanaotaka kukimbia. Sehemu ya maonyesho iko katika nyumba za zamani za jirani zenye ngazi, na hivyo anayetumia kiti cha magurudumu apige simu mapema kuuliza ni vyumba gani vinavyofikika. Na kwa kuwa kazi nyingi ni za muda, ziara mbili za miaka tofauti zinaweza kufanana kwa Turrell na Kusama tu.

Frick linahitaji maneno machache. Liko Point Breeze, mashariki mwa mji, na kiini chake ni Clayton, nyumba ambayo Henry Clay Frick aliinunua mwaka 1882 na kuishi na familia yake hadi walipohamia New York mwaka 1905. Binti yake Helen aliihifadhi pamoja na samani zake, akajenga kando yake jumba dogo la sanaa lililofunguliwa mwaka 1970. Mkusanyiko mkubwa wa picha wa Frick mwenyewe uko New York, na atakayekuja Pittsburgh akiutarajia atavunjika moyo. Kinachoonekana hapa ni namna tajiri wa feleji alivyoishi: vikombe, mapazia, vyumba vya kulala vya watoto, magari ya farasi na ya injini. Nyumba hutembelewa pamoja na mwongozaji. Mgeni akumbuke kwamba mwaka 1892, wakati familia ikiishi katika nyumba hiyo, Frick ndiye aliyesimamia kuvunjwa kwa mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha feleji cha Homestead, ambamo watu waliuawa, na kwamba majuma machache baadaye yeye mwenyewe alipigwa risasi ofisini akanusurika. Bila historia hiyo Clayton ni nyumba nzuri tu yenye bustani. Ukiwa nayo, kila kijiko cha fedha kinauliza swali. Kwa anayependa historia ya jamii kuliko sanaa, Frick linaweza kupita hata Warhol.

Lipo la tano, ambalo mara nyingi halitajwi kwa kuwa si jumba la makumbusho kwa maana kamili. Kituo cha utamaduni wa Wamarekani weusi kiitwacho August Wilson kiko Liberty Avenue, katikati ya mji, nacho kilifunguliwa mwaka 2009 kwa jina la mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Hill District mwaka 1945. Msanifu wake, Allison Williams, alichukua umbo la pembe ya jengo kutoka kwenye tanga la majahazi ya biashara ya Waswahili. Ukuta mrefu wa kioo na chuma unajipinda juu ya barabara kana kwamba umeshika upepo. Ni jambo la kushangaza kulikuta tanga la pwani yetu katika mji ulio mbali na bahari, na msomaji wa Lamu au Kilwa atakuwa na haki ya kulikagua kwa jicho kali. Kituo kilizidiwa na madeni miaka michache tu baada ya kufunguliwa, kikakaribia kuuzwa, kikaokolewa na taasisi za hisani mwaka 2014. Ndani kuna ukumbi wa tamthilia na muziki, vyumba vya maonyesho, na maonyesho ya kudumu juu ya maisha ya Wilson na tamthilia zake kumi, ambazo karibu zote zimewekwa katika mtaa uleule ambao Harris aliupiga picha. Saa moja inatosha. Aliyeona picha za Harris asubuhi kule Oakland atazielewa vizuri zaidi akija hapa mchana kuliko akivuka mto kwenda kwa Warhol.

Kuhusu fedha, Carnegie, Warhol na Mattress Factory hutoza mtu mzima kiasi cha dola 20 hadi 25, na kwa kuwa bei hubadilika, tovuti ya kila jumba ndiyo ya kuaminiwa. Kwa hesabu ya muda na vitu, Carnegie ndiyo nafuu zaidi, kwani bei hiyo inakupa majumba mawili. Wakazi wana njia nyingine. Anayepokea msaada wa chakula wa serikali anaweza kuonyesha kadi yake na kuingia kwa dola 3 au chini ya hapo katika makumbusho yaliyojiunga na mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2014, na mwenye kadi ya maktaba katika kaunti ya Allegheny anaweza kuomba tikiti za bure za baadhi ya taasisi kupitia maktaba. Kadi ya maktaba yenyewe hailipiwi. Familia nyingi za wahamiaji hazijui habari hizi, na huishi mjini miaka bila kuingia.

Siku ya kuepuka ni Jumanne, ambapo Carnegie, Warhol na Mattress Factory kwa kawaida hufungwa. Mattress Factory hufunga Jumatatu pia. Usafiri si tatizo. Warhol linafikika kwa miguu kutoka katikati ya mji, na treni ndogo ya mjini haitozi nauli kati ya vituo vya katikati ya mji na vile vya North Shore, ng'ambo ya mto. Kwenda Oakland kuna mabasi mengi ya namba zinazoanza na 61 na 71. Kwa Frick, afadhali gari.

Mwenye siku moja na watoto aende Carnegie, asijaribu kuongeza kitu. Mwenye siku moja bila watoto, ambaye amewahi kuona makumbusho makubwa kwingine, aanze Mattress Factory milango inapofunguliwa, akae na Turrell kadiri macho yanavyotaka, kisha ashuke kwa miguu kuelekea mtoni. Akiwa bado na nguvu, Warhol liko njiani, na ghorofa ya juu pamoja na ile ya filamu zinatosha. Mwenye siku mbili atoe ya pili kwa Oakland asubuhi na August Wilson mchana. Frick libaki kwa atakayerudi, au kwa aliyesoma habari za Homestead na anataka kuona ngazi ambazo Frick alizipanda akirudi nyumbani kutoka kazini.